Kampuni ya Wakwe

Mtaji wa kwanza wa kampuni yetu ulifungwa kamba nyuma ya mashine, ukala majani asubuhi, na jioni tukaula sisi. Alikuwa beberu mwekundu, mnene, aliyeletwa na mzee mmoja wa Koboko kama malipo ya hisa yake. Mimi ndiye niliyekuwa meneja. Nilikuwa na tai, nilikuwa na cheti cha biashara kutoka Kampala, na kwa hiyo nikajiona nina haki ya kumuuliza mwenyekiti wa bodi kama haingekuwa vyema tumuuze yule beberu kwanza, tununue mkanda wa injini.

Mwenyekiti alinitazama kwa huruma.

"Mutu naleta mbuzi kwa nyumba ya watu, wewe nakamata napeleka soko?" alisema. "Hiyo iko matusi. Mbuzi ya kuingia nakuliwa hapa hapa, watu yote naona."

"Ndiyo, baba," nikasema, macho chini.

Nilisema "ndiyo, baba" kwa sababu sikuwa na jibu jingine. Mwenyekiti wa kampuni iliyoniajiri ndiye aliyekuwa baba wa msichana niliyemchumbia. Nikilieleza vizuri jambo hilo moja, msomaji atakuwa ameelewa hesabu zote za kampuni ile.

Mashine yenyewe, kinu cha kusaga nafaka na injini yake, ilikuwa ya Mhindi mmoja aliyefanya biashara Koboko tangu kabla sijazaliwa. Alikuwa mtu mkali wa senti. Wanawake walimnung'unikia kila siku ya soko, wakasema mizani yake ina kidole. Mwaka wa 1972 Wahindi walipofukuzwa nchini, naye aliondoka na sanduku moja, akafunga mlango, akamwachia jirani ufunguo. Baada ya wiki chache wale wale waliomnung'unikia wakaanza kumkumbuka kwa mabega yao, maana walikuwa wamerudi kwenye mawe ya kusagia.

Wazee na wachuuzi wa Koboko wakaungana, wakapewa kibali cha kuichukua ile mashine, wakaandikisha kampuni. Ikapewa jina refu lenye neno "maendeleo" ndani yake. Enzi zile kampuni bila neno hilo ilikuwa uchi. Kilichokosekana kilikuwa pesa za mkanda mpya, chekeche na dizeli, na mtu aliyesoma wa kukaa mezani.

Mtu aliyesoma nilikuwa mimi. Kwetu ni Aroi, karibu na Arua, na mimi ni Mlugbara. Msichana wangu alikuwa Mkakwa wa Midia. Tulikutana Arua alipokuja kujifunza kushona, tukapendana kwa Kiswahili, lugha ambayo sote wawili tuliiokota barabarani. Nilimpenda sana, na sioni haya kulisema hilo sasa. Baba yangu alikuwa amekwisha peleka Midia sehemu ya ng'ombe wa mahari. Waliobaki niliahidi kuwanunua mwenyewe kwa mshahara wangu, ahadi ambayo kijana huitoa kabla hajapata mshahara.

Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Kampuni ikifanya vizuri, mshahara unalipwa. Mshahara ukilipwa, ng'ombe wananunuliwa. Ng'ombe wakifika Midia, binti anakuja Aroi. Nilikuwa na kila sababu ya kutaka mashine ile isage mpaka Koboko nzima igeuke nyeupe.

Kwenye mkutano wa kwanza mzee mmoja aliuliza swali la maana sana, na ni haki nimsifu. Aliuliza: nani atamchunga meneja asiibe? Watu wakafikiri. Kisha mwingine akasimama, akamnyoshea kidole baba wa mchumba wangu, mkulima wa tumbaku aliyejulikana kwa sauti yake kubwa na kwa kiti chake cha kukunja, ambacho alikwenda nacho kila mahali ili asikalishwe benchi.

"Baba mukwe yake iko hapa," alisema. "Weka yeye mwenyekiti. Kijana nawezaje kuiba baba ya bibi yake?"

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Damu nzito kuliko maji, tulisema, na ukwe ni nusu ya damu. Hakuna aliyeuliza nani atamchunga mwenyekiti. Kama angeuliza, angeambiwa: meneja, bila shaka. Na meneja kwa mila zetu sote, za Aroi na za Midia, hamjibu baba mkwe wake, hamkatizi maneno, na akiulizwa kitu huangalia kucha za miguu yake mwenyewe. Nilikaa kazini miaka mitatu na kucha zangu za miguu nilizijua zote.

Kuhusu pesa, tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa benki ya Arua. Tulipanda lori, mimi na mwenyekiti, na kiti chake. Afisa wa benki alikuwa kijana mpole, akatukaribisha vizuri, akasema mashine ya kusaga ni biashara nzuri na mkopo unawezekana. Ila alikuwa na maswali.

"Taarifa ya hesabu mtaleta kila mwezi?"

"Meneja naleta," alisema mwenyekiti.

"Na wewe, mzee, una uhusiano gani na meneja?"

"Yeye iko mtoto yangu. Naoa kwangu."

Kalamu ya afisa ikasimama. "Na mkaguzi wa hesabu, je? Atakuwa mtu wa nje?"

"Ya nje kabisa," mwenyekiti alimhakikishia. "Iko ndugu ya bibi yangu. Nakaa mbali, huko Adumi."

Yule kijana aliandika kitu kirefu. Tulipotoka nje mwenyekiti alikuwa amevimba kwa hasira. Akanikunjulia mambo yote barabarani, watu wanapita: benki ile haitaki kukopesha, inataka kuingia chumbani kwetu na kulala kati ya mume na mke. "Mutu ya kuuliza uliza hivi hapana rafiki," alisema. "Sisi iko na watu yetu." Nikasema ndiyo, baba. Hivyo tukarudi Koboko tukiwa tumeinyima benki nafasi ya kutukopesha. Mwenyekiti alisimulia safari ile kwa miezi mingi kama ushindi wake binafsi.

Njia ya pili ilikuwa kuuza hisa kwa watu wetu. Na watu wetu hawakuwa na shilingi, walikuwa na mbuzi, kuku na magunia ya ulezi. Ndipo alipofika yule beberu mwekundu. Kila aliyeleta mnyama alikaribishwa kama anavyokaribishwa mkwe anayeleta mahari: mnyama alichinjwa, bodi ikaitwa, kwete, pombe yetu ya nafaka, ikachemshwa, hotuba zikatolewa, na mwenye hisa mpya akaenda nyumbani ameshiba mbuzi wake mwenyewe. Ulezi nao uliingia kwenye kwete. Mimi niliandika kila kitu kwa mwandiko mzuri. Kampuni ilikuwa na wenye hisa wengi, waliopendana, na haikuwa na mkanda wa injini.

Aliyetuokoa alikuwa mfanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka, Mkongo mnene, mwimbaji wa kwaya kanisani kwake, mwenye lori lililotengenezwa kwa malori mengine matatu. Alituletea mkanda, chekeche na mapipa ya dizeli, kwa mkopo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Alipodai pesa zake, bodi ikamlipa kwa hisa, kwa sababu hisa ziliandikwa kwa kalamu na kalamu tulikuwa nayo. Alishukuru sana. Kila pipa la dizeli likawa hisa, na hakuna mtu katika bodi aliyekuwa akizijumlisha.

Basi mashine ikaanza kusaga. Siku ya kwanza foleni ilifika barabarani. Nilikaa mlangoni nyuma ya meza, bati la pesa mbele yangu, tai shingoni, nikiwaza ng'ombe. Fundi wa injini, mzee aliyekwisha kuzibwa masikio na mngurumo, aliketi kwenye kigoda kirefu kilichomwezesha kuona njia yote ya Midia. Ghafla akapiga ukelele.

"Meneja! Mama mukwe nakuja!"

Lazima nieleze. Kwetu enzi zile mwanamume hakumtazama mama mkwe wake usoni. Hakusema naye, hakula mbele yake, hakumpa mkono. Akimwona njiani aliingia kichakani mpaka apite. Hiyo ilikuwa heshima, wala si chuki, na ilidumu mpaka mahari imekwisha na mama mwenyewe, kwa hiari yake, amekufungulia njia. Nilikuwa nimemchumbia binti yake zaidi ya mwaka mzima na sikujua mama huyo ana sura gani. Nilizijua kandambili zake tu.

Kusimama mlangoni nikamdai pesa ya kusaga lilikuwa jambo lisilowezekana. Hata kumwacha anikute mezani kungekuwa ukosefu wa adabu wa kusimuliwa mpaka Arua. Nikaruka dirisha la nyuma, nikatua kwenye chungu ya pumba, nikakaa humo nikisikiliza muhogo wake ukisagwa. Fundi hakumdai kitu. "Mimi iko ya injini," alinieleza baadaye. "Pesa iko ya meneja. Meneja alikuwa kwa pumba."

Lingekuwa jambo la mama mmoja na karai moja la muhogo, kampuni ingestahimili. Lakini kwa mila, dada za mama mkwe ni mama wakwe. Wake wa ndugu zake mwenyekiti ni mama wakwe. Mashangazi, vivyo hivyo. Na mwenyekiti alitoka ukoo mkubwa. Nilipoketi kufikiri vizuri, niligundua kwamba nusu ya wanawake wa Midia ni mama zangu wakwe, na wote wanakula ugali.

Tena, kwa kuwa sikuruhusiwa kuwatazama usoni, sikuwa na namna ya kujua yupi ni yupi. Fundi akipiga ukelele, naruka. Wanawake wa vijiji vingine hawakuchelewa kulitambua hilo. Mtu alisubiri njiani mpaka mwanamke mmoja wa Midia apite, akajipanga nyuma yake, akavuta leso usoni kwa aibu ya ukwe, akasagiwa bure. Siku za soko walikuja hata wanawake kutoka Kongo, wenye vikapu mgongoni, wakiwa na aibu kuliko wenyeji. Sijui kama duniani kuna mtu mwingine aliyewahi kuwa mkwe wa mataifa mawili kwa wakati mmoja bila kuoa popote.

Niliiomba bodi iajiri karani wa kupokea pesa, mtu yeyote asiye mkwe wa mtu. Nilitumia wiki nzima kutafuta maneno ya adabu. Mwenyekiti alikataa kwa upendo mkubwa.

"Mutu ya pili ya nini? Watu nasema nini? Nasema mimi hapana amini mukwe yangu!" Akawageukia wenzake. "Huyu kijana mimi naamini kama mtoto ya tumbo."

"Ndiyo, baba," nikasema.

Ni haki niseme kwamba hakuwa mwizi. Hakuwahi kuchukua senti kwenye bati. Alikula nyama ya mikutano, lakini kila mtu aliila. Alikuwa mtu mwema aliyeamini kampuni ni ukoo wenye injini, na kwamba ukoo haufi njaa mahali penye heshima. Mimi ndimi niliyekuwa nakufa njaa. Mshahara wangu ulilipwa mwezi huu, ukaruka miwili, ukalipwa nusu. Na bei ya ng'ombe ilipanda kila nilipokwenda mnadani kuiuliza, mpaka wachunga ng'ombe wakaacha kunijibu.

Siku moja yule Mkongo alihudhuria kikao cha bodi. Alikuwa na haki hiyo na hakuna aliyeikumbuka. Alikuta nyama iko jikoni, kwete iko mezani, na ajenda iko chini ya kwete. Alikula kwa adabu, akanawa mikono, akaomba kusema.

"Miye niko na swali moja tu," alisema. "Mashine inasaga kila siku. Bamama banajaa. Makuta iko wapi?"

Watu walitazamana. Hakuna aliyejua pesa ziko wapi.

"Tena," aliendelea, bado kwa upole wa mtu wa kwaya, "shilingi yenu inakonda kila mwezi. Kama mungekopa benki, deni nayo ingekonda, mungelipa kitu kidogo. Mukakataa. Mbuzi, yeye inanenepa, inazaa. Mukakula. Kitu ya kukonda munaikimbia kuikopa, kitu ya kunenepa munakula. Ninyi batu, hii akili mulitoa wapi?"

Nilikuwa nimesoma fedha Kampala kwa walimu waliovaa suti, na sikuwahi kusikia jambo la fedha likielezwa wazi hivyo.  Mwenyekiti alinigeukia taratibu.

"Huyu mugeni nasema nini?"

Alikuwa ameelewa kila neno. Alitaka kusikia nitasema nini mimi.

"Anasema nyama ni tamu, baba," nikasema.

Mkongo alinitazama, akatabasamu, akachukua mfupa mwingine. Tangu siku ile alinisalimia kwa huruma, na huruma yake iliniudhi kuliko kitu chochote.

Kisha beringi ya kinu, chuma kinachobeba mhimili wake, ikaungua. Ilitoa moshi, ikalia, fundi akazima injini, na ukimya ukaingia Koboko. Hatukuwa na pesa ya beringi. Hatukuwa na mbuzi pia. Siku zikapita, na wanawake wakarudi kwenye mawe. Nilipopita jioni kwenye njia ya Midia nilisikia mawe yale kila ua, mwanamke mmoja hapa, mwingine kule, na sikuwa na mahali pa kujificha na sauti ile. Hakuna mama mkwe aliyenilaumu. Walikuwa hawasemi na mimi.

Mkongo alikuwa na beringi dukani kwake. Alituma ujumbe kwamba ataileta na dizeli ya mwezi mzima, kwa masharti mawili. La kwanza, mwenyekiti awe mtu asiye na ukwe na meneja. La pili, kila anayesaga alipe. Vinginevyo atauza hisa zake, na hapo ndipo mtu mmoja alipozijumlisha kwa mara ya kwanza, na bodi ikapoteza hamu ya kula. Ukaitishwa mkutano mkuu.

Mwenyekiti aliniita Midia siku moja kabla. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake uani, nami nikapewa benchi. Hakupandisha sauti, na hilo lilinitisha.

"Kesho watu nainua mkono," alisema. "Mimi hapana kataza mutu. Lakini mutoto ya kutoa mimi kwa kiti mbele ya watu, huyo hapana mutoto yangu. Ng'ombe ya baba yako iko mzima. Inajua njia ya Aroi."

"Ndiyo, baba."

Mchumba wangu alinisindikiza mpaka kwenye kijito, jambo aliloruhusiwa mradi wadogo zake watembee nyuma yetu wakitusikiliza. Nilimwambia tutoroke. Vijana walitoroka, si jambo la ajabu, wazee hukasirika kisha hupokea ng'ombe wao. Alitikisa kichwa.

"Mimi iko wa kwanza," alisema. "Hawa nyuma yetu, mimi nikikimbia, nani naoa hawa kwa heshima?"

Wale wa nyuma wakaacha kutembea. Nikamuuliza basi nifanye nini. Nilitaka aniambie nikae kimya kesho, nimsikilize baba yake, na kila kitu kitakuwa sawa. Badala yake aliuma mdomo wa chini, kama alivyokuwa akifanya kila anapofikiri, akaniuliza swali.

"Kila siku wewe nasema ndiyo baba, ndiyo baba. Kesho kwa nyumba yetu, mimi nikisema kitu, nani najibu mimi? Wewe ao baba?"

Nilishika usukani wa baiskeli yangu. Alirudi na wadogo zake, nami nikaendesha baiskeli mpaka Koboko nikiwa nimemkasirikia yeye, baba yake, Mkongo, beringi na Kampala.

Mkutano ulifanyika uwanjani mbele ya mashine. Kwanza palitokea ugomvi kuhusu kura zenyewe. Mwenye hisa mbili alitaka kuinua mikono miwili. Mwenye hisa tatu akauliza ainue nini. Mzee mmoja alidai mbuzi wake aliyetolewa kwa hisa alikuwa na mimba, kwa hiyo anastahili kura ya ndani na ya nje. Ikaamuliwa, baada ya kelele nyingi, kwamba mtu mmoja ni mkono mmoja, na Mkongo, aliyekuwa na hisa kuliko kijiji kizima, akakubali kuinua mkono wake mmoja kama wengine.

Aliyependekezwa kuwa mwenyekiti mpya alikuwa muuza nguo wa sokoni, mzee wa Kiislamu, mtaratibu, ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kwamba Mungu hakumjalia binti hata mmoja. Hakuna aliyemtaja kwa busara zake. Walimsifu kwa wanawe wa kiume.

Wakahesabu mikono ya kumtaka mwenyekiti abaki. Wakahesabu ya kumtaka aondoke. Kura zikawa sawa sawa. Wakahesabu tena, zikawa sawa. Kisha mtu akasema: meneja hajapiga kura. Ilikuwa kweli kwamba nina hisa moja, niliyopewa badala ya mshahara uliokosekana, na mpaka dakika ile nilikuwa naiona hisa hiyo kuwa karatasi ya bure.

Wote wakanigeukia. Mwenyekiti aliketi kwenye kiti chake, mikono magotini, ananitazama. Nilijaribu kupiga hesabu, maana ndiyo kazi niliyosomea. Akibaki, mashine haisagi, mshahara haupo, ng'ombe hawapo, mke hayupo. Akiondoka, mashine inasaga, na mke hayupo. Hesabu ilikuwa wazi na niliichukia. Lakini si hesabu iliyouinua mkono wangu. Ilikuwa hasira. Nilikuwa nimechoka kutazama miguu yangu, nami nilitaka, mara moja tu, mtu akiniuliza jambo nijibu mwenyewe.

Niliinua mkono na macho pamoja. Mwenyekiti akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyesikia bei aliyoitarajia. Akasimama, akakunja kiti chake, akakiweka begani, akatembea kuelekea Midia bila kumtukana mtu. Wakati ule ningependa sana atukane.

Beringi ilifika kesho yake. Mwenyekiti mpya alikuja kila wiki, akakagua bati, akauliza maswali, akala njugu zake mwenyewe alizobeba mfukoni. Hakuna mbuzi aliyechinjwa tena. Mbuzi walioletwa kwa hisa walipelekwa soko, na wengine wakaachwa wazae. Tulipata karani, ukuta ukapakwa chokaa, na mimi nikalipwa mshahara wangu wote, siku yenyewe, kwa mara ya kwanza. Nilikwenda mnadani. Nilimshika ng'ombe mmoja pembe, jike mweusi, nikaafikiana bei na mwenyewe, nikalipa.

Kutoka Midia hakukuja neno. Ng'ombe wa baba yangu hawakuonekana kwenye njia ya Aroi. Kila siku waliyokosa kuonekana ilinipa moyo. Hasira za mzee hupoa, nilijiambia, tena nimemnunulia ng'ombe mzuri. Wanawake wa Midia hawakuja kusaga pia, nikasema labda wanasubiri mvutano utulie.

Walikuja siku ya soko. Karani alikuwa amekwenda Arua kununua magunia, nikakaa mezani mwenyewe. Nilikuwa nimeinamia bati, nahesabu chenji, fundi yuko juu ya kigoda chake, na hakupiga ukelele wowote. Karai la muhogo likawekwa mbele yangu.

"Jambo, meneja."

Niliinua macho. Mwanamke yule sikuwahi kumwona, lakini nilimjua papo hapo. Paji lile la uso nilikuwa nalijua, na macho yale, na alivyouma mdomo wa chini kabla ya kuendelea kusema. Alikuwa mzuri. Alinitazama usoni wazi wazi, bila leso, bila aibu, kama unavyomtazama karani yeyote wa soko, asiye mkwe wa mtu. Akaninyoshea mkono, nikaushika. Kiganja chake kilikuwa kigumu kwa jiwe la kusagia.

"Pesa ngapi?" aliuliza.

Nilimwambia bei. Akafungua fundo la leso yake, akatoa shilingi, akaziweka mezani kamili, akazisogeza kwangu. Nyuma yake wanawake wa Midia walikuwa wamejipanga mpaka barabarani, kila mmoja na pesa yake mkononi, wote wananitazama usoni.

Nikapokea. Akasogea na karai lake. Wa pili akaja mezani, akaninyoshea mkono naye.

"Jambo, meneja," akasema.